Boza la Maji Kando ya Mashine ya Kufulia

Siku ile mjinga alikuwa Verlin Stubblefield, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza atakujibu kabla hujamaliza swali, maana kwa umri wake amekwisha kujifunza kwamba anayejitukana wa kwanza huwaachia wenzake makombo tu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi huko Oildale, ng'ambo ya mto Kern, ambako pampu za mafuta huinama na kuinuka nyuma ya nyumba za watu kama wanaosali rakaa isiyokwisha. Verlin alikuwa amelala chali ndani ya gari lake, miguu ikining'inia nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi, bisibisi kati ya meno. Alikuwa anafunga spidomita mpya, ile aina inayouliza setilaiti gari linakwenda kasi gani, badala ya kuliuliza gari lenyewe.

Gari lilikuwa Ford ya mwaka wa thelathini na mbili, hotrodi, yaani gari la babu lililovuliwa madigadi na boneti, likakatwa paa, likashushwa chini, likatiwa injini ya kulichokoza. Tangu hapo halikufaa kwa kazi yoyote isipokuwa kupendwa. Spidomita yake ya zamani ilihesabu mizunguko ya waya uliotoka kwenye giaboksi, na tangu Verlin abadilishe difu na matairi ya nyuma ilikuwa inasema uongo. Ukienda sitini, yenyewe inasema themanini. Verlin hakuwahi kulalamika. Ulikuwa uongo wa kumsifu, na mtu hamfukuzi mgeni anayemsifu.

Lakini Jumamosi ile klabu yao, Klabu ya Kunguru, ilikuwa na msafara. Saa sita mchana magari yote yangepita mjini mawili mawili, kwa mwendo wa maili thelathini kamili, mpaka kwenye ukumbi wa klabu, na huko bamba la shaba lingepigiliwa ukutani. Bamba lilisema kwamba katika ziwa kavu nyuma ya milima ya Tehachapi, mwaka wa sitini na sita, Verlin Stubblefield aliendesha gari hili maili mia na kumi na nane kwa saa, na hakuna Kunguru mwingine aliyewahi kufika hapo kwa injini ya namna ile. Mwenye bamba kama hilo hawezi kuvuruga msafara kwa kutojua mwendo wake.

Maelekezo ya spidomita yalikuwa mafupi na ya upole. Antena iwekwe mahali inapoona anga. Chini yake palichorwa wingu, kwa ajili ya wanaume. Verlin alisoma, akalitazama wingu, akacheka kwa pua.

Kunguru hawaonyeshi kitu kipya. Ndiyo sheria yao ya kwanza na wanaitii kuliko wanavyotii ya pili, inayokataza kunywa kabla ya kuendesha. Ukitaka redio, unaificha ndani ya sanduku la chakula la bati. Delmer Hatch alificha kiyoyozi ndani ya dumu la jeshi, na kwa kuwa kikiwashwa hunguruma, hukizima mbele za watu akatota jasho kwa heshima. Spidomita yenyewe ilikubalika, kwani uso wake ulitengenezwa uonekane mzee, rangi ya maziwa yaliyolala. Tatizo lilikuwa antena, kijidude cheusi mithili ya kiberiti. Gari halikuwa na paa. Kijidude kingekaa popote kikaiona mbingu yote mpaka Nevada. Verlin akakifunga kwa tepu nyuma ya dashibodi, kati ya chuma na chuma, akapiga kofi la kuridhika.

Kisha akaketi kwenye usukani na kuwasha swichi. Injini ilikuwa imezimwa. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamewekewa matofali.

Mshale ukatikisika kidogo, kama mtu anayetafuta miwani. Ukapanda. Ukapita thelathini, ukapita sitini, ukatulia kwenye tisini na saba. Kofia ya Verlin ikang'oka kichwani, ikaenda kujibandika ukutani nyuma yake, na mashavu yake yakavutwa kuelekea masikioni. Vumbi jeupe likaanza kuingia gerejini kutoka mbele, ingawa mbele palikuwa na rafu ya makopo ya rangi.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Alikuwa Wanda, mkewe, na kitambaa mkononi.

"Baba, kama unakimbia, si ungefunga huu mlango? Nimetoka kupangusa meza sasa hivi."

"Sikimbii. Nimeketi."

"Basi keti polepole," Wanda akasema, akaufunga mwenyewe.

Verlin akazima. Upepo ukaisha. Akakagua waya wa betri, akakagua fyuzi, akawasha tena, na ikawa tisini na saba vilevile. Akawapigia simu waliotengeneza spidomita. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya mtu anayekula huku anafanya kazi.

"Antena inaona anga?"

"Inaona kiasi."

"Inaona nini, mzee wangu?"

"Chuma."

"Ni Ford hiyo," mwanamke akasema, wala hakuwa anauliza. "Nyinyi watu wa Ford mnaificha nyuma ya dashibodi. Sikiliza. Ikikosa setilaiti, hushika mwendo wa kweli ulio karibu. Huwa ni wa dereva, ule mkubwa kuliko yote aliowahi kwenda kwenye mashindano. Inakusomea ngapi?"

"Tisini na saba. Lakini mimi nilikwenda mia na kumi na nane. Iko kwenye shaba."

"Mia na kumi na nane ulikwenda, au ulisema?"

Upande wa pili ikasikika karatasi ya sandwichi ikikunjwa.

"Hamisha antena ione anga," mwanamke akasema. "Usipotaka, badilisha dereva. Siku njema."

Sasa ni vizuri tuseme mambo yalivyokuwa, maana pale Oildale waliojua ni wawili tu na mmoja alikuwa amejisahaulisha.

Mwaka ule wa sitini na sita injini ya gari lile iliunganishwa na Lorene, dada mkubwa wa Verlin, aliyemwachia ziwa. Yeye ndiye aliyepanga kabureta, akachonga vichwa vya silinda, akasikiliza. Verlin alishika taa. Klabu haikuruhusu wanawake kuendesha. Haikuwaruhusu hata kusimama karibu na mstari wa kuanzia, ikidai kwamba waliwahi kuleta mkosi, bila kutaja mwaka. Asubuhi Verlin aliendesha, akapata tisini na saba, akarudi akisema gari limefika mwisho wake. Lorene akasema gari bado, kilichofika mwisho ni mguu. Wakaenda nyuma ya boza la maji, lori la tangi lililokuwa limeegeshwa kando. Verlin akavua ovaroli, helmeti na miwani ya vumbi, akampa. Kwa kuwa kulikuwa na joto la kukaanga yai juu ya jiwe, ndani ya ovaroli Verlin alikuwa amevaa chupi peke yake. Akaingia ndani ya boza, kwenye kiti cha dereva, akainama. Lorene akaenda mia na kumi na nane. Akarudi nyuma ya boza, wakabadilishana nguo, na Verlin akatoka kuinuliwa mabegani.

Tangu hapo aliisimulia safari ile mara nyingi sana, kwenye harusi, kwenye matanga, kwa kinyozi, mpaka ule upepo akaukumbuka. Lorene hakumwumbua. Alifungua saluni, akaolewa, akazika mume, akafunga saluni. Lakini wiki hii, bamba lilipotoka kwa mchongaji, alikuja kulitazama akiwa ameliweka karibu na pua, kwa sababu macho yake yalikuwa yanazimika kutoka katikati kwenda pembeni, na daktari hakumficha.

"Mdogo wangu, hapa chini pana nafasi ya mstari mmoja," alisema. "Mchongaji anafungua Jumamosi asubuhi. Waambie. Nataka kulisoma kabla taa hazijazimwa."

"Nitaona," Verlin alijibu, neno ambalo, ukilifikiria, halikuwa la kumwambia mtu mwenye macho yale.

Na Jumamosi yenyewe ndiyo hii.

Arvel Pruitt, mwenyekiti wa Kunguru, aliingia gerejini na koti la klabu na bamba lililofungwa katika blanketi la mjukuu. Akaliweka juu ya mashine ya kufulia. Akaitazama kofia ya Verlin ukutani.

"Umekuwa ukikimbia?"

"Spidomita imeshikwa na kichaa," Verlin akasema. "Hebu keti wewe."

Arvel akaketi. Mshale ukashuka chini ya sifuri, ukakigonga kile kijiti kinachouzuia, na nywele zake chache zikaja mbele, zikamfunika paji la uso. Mwaka wa sitini na sita gari la Arvel lilitolewa ziwani kwa kusukumwa, kinyumenyume.

"Mbovu hii," Arvel akasema, akashuka haraka. "Keti wewe."

Verlin akaketi. Tisini na saba. Arvel akautazama mshale, akalifunua bamba, akalitazama, akalifunika tena.

"Imepungukiwa kidogo," akasema.

"Ni mpya. Haijazoea."

Hapo Lorene akaingia kwa mlango mkubwa wa gereji, ambao kwa wakati ule ulikuwa unamwaga vumbi, na sufuria ya biskuti za moto, zile laini kama vimkate, zilizolowekwa kwenye mchuzi mweupe wa soseji. Alikuwa mfupi, na Wanda hupenda kusema kwamba sauti yake ndiyo hufika kwanza, kisha yeye.

"Habari za Kunguru? Nani amekufa, mbona mmeinamisha midomo hivyo?"

"Spidomita, Dada," Verlin akasema. "Antena imekaa vibaya."

Lorene akapapasa chini ya dashibodi kwa mkono mmoja, bila kuweka sufuria chini. "Umeificha kwenye chuma."

"Sasa ningeiweka wapi? Watu waione?"

"Eti watu waione," Lorene akasema. "Toka hapo, nikae. Miguu inaniuma."

Verlin akatafuta sababu ya kumkatalia na hakuipata upesi. Akashuka. Lorene akampa Arvel sufuria, akaingia, akashika usukani kwa mikono miwili.

Mshale haukutafuta kitu. Ulipanda ukaipita tisini na saba kama mtu anayepita kituo ambacho hashuki. Rafu ya makopo ya rangi ikasogea pembeni kupisha, na nyuma yake ukaonekana uwanda wa ziwa kavu, mweupe, mpana, umetandikwa mpaka kwenye milima ya samawati. Uliingia gerejini ukafika kwenye mashine ya kufulia ukakomea hapo. Mchuzi mweupe ukaruka kutoka kwenye sufuria ukamvisha Arvel koti la pili. Mshale ukasimama kwenye mia na kumi na nane. Lorene alikuwa amefumba macho, na uso wake, kwa muda ule, ulikuwa wa mtu anayesoma bila shida.

Kando ya mashine ya kufulia lilikuwa limeegeshwa boza la maji, la kijani, lenye kutu mlangoni. Ndani yake, kwenye kiti cha dereva, alikaa kijana mwembamba akiwa na chupi peke yake. Akachungulia kwa dirisha.

"Lorene," akanong'ona. "Umefika ngapi?"

"Mia na kumi na nane."

"Usinidanganye."

"Nimekudanganya lini?"

"Basi nirudishie ovaroli upesi. Wanakuja kuninyanyua."

Wanda alikuwa amefungua tena mlango wa jikoni kwa sababu ya vumbi. Akamtazama kijana.

"Huyo nani?"

"Ni mimi," Verlin akasema.

"Kumbe ulikuwa na kiuno," Wanda akasema, akaenda kumtafutia taulo.

Arvel alitoa kitambaa mfukoni, akafuta mchuzi kwenye miwani, akaivaa, akamtazama kijana kwa makini, kisha Verlin, kisha Lorene. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyekiti.

"Kwa hiyo aliyeendesha ni Lorene," akasema.

"Ni Lorene," kijana akajibu kutoka kwenye boza, kwa kuwa alikuwa bado hajajifunza kunyamaza.

"Mchongaji yuko wazi," Lorene akasema. Alikuwa amezima swichi. Upepo uliisha, lakini ziwa lilibaki pale lilipo na boza pia. "Ni mwendo mfupi. Mstari mmoja tu, Arvel. Jina langu, basi. Sihitaji tarehe."

Arvel akaketi juu ya ndoo. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Ilionekana kwenye midomo yake.

"Ngoja niliweke sawa, shemeji. Mwaka ule sheria haikuruhusu mwanamke. Kama ni wewe uliyeendesha, mwendo ule haukuwa halali. Kama haukuwa halali, haupo. Kama haupo, Kunguru hatuna rekodi, na bamba nitalirudisha wapi? Sasa, akiwa ameendesha Verlin, rekodi ipo, na gari ulilolitengeneza wewe linaheshimiwa. Kwa hiyo kwa faida yako mwenyewe, bora awe ameendesha Verlin."

"Lakini umeniona."

"Nimekuona. Na nitasema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza."

"Nani atakuuliza?"

"Hilo sasa," Arvel akasema, "si langu."

Lorene akamgeukia mdogo wake. Verlin alikuwa ameinama anaokota biskuti moja sakafuni, akaipuliza kwa muda mrefu kuliko biskuti yoyote inavyohitaji.

"Shaba imeshakauka, Dada," akasema.

Kwa hiyo msafara ukaenda kama ulivyopangwa. Magari yalipita mawili mawili mbele ya duka la pai na uwanja wa matrela, watu wakatoa viti nje, wakapunga mikono. Verlin aliendesha, Lorene ameketi kando yake na kitambaa kichwani. Spidomita ilisema tisini na saba njia nzima, kwenye kila taa nyekundu pia, hata Arvel alipokuwa amewatangulia kwa mwendo wa maili thelathini kamili. Verlin aliufunika mshale kwa kofia yake. Angeweza kuitoa antena pale walipokwama nyuma ya Delmer, aliyesimama kujipepea. Ni tepu kidogo tu. Lakini barabara ilikuwa imejaa watu, na kijidude kingeonekana.

Ukumbini bamba lilipigiliwa kwa skrubu nne. Arvel alimwomba Lorene ashike kitambaa cha kulifunulia, akamtambulisha kama dada wa bingwa, na watu wakampigia makofi mazuri. Akasogea ukutani, akauweka uso wake karibu na shaba, akalisoma kutoka juu mpaka chini. Ile nafasi ya mstari mmoja akaipapasa kwa kidole gumba, na nafasi ilikuwa laini.

Jioni walirudi gerejini. Wanda alikuwa amefua shuka na kuzianika kwenye kamba iliyofungwa kutoka kwenye boza mpaka kwenye hita ya maji, maana ziwa kavu, akasema, hukausha vizuri kuliko mashine. Yule kijana alikuwa amejifunga taulo yenye maua, anakula biskuti zilizobaki. Alikuwa bado anasubiri ovaroli. Walikuwa wamemwambia kwamba ovaroli ilikatwa vitambaa vya kufutia mafuta enzi za marais waliokwisha kufa, naye akajibu kwamba atasubiri tu, kwani watu wanakuja kumnyanyua.

"Atakaa hapa mpaka lini?" Wanda akauliza.

"Mpaka antena ihamishwe," Lorene akasema. "Au mpaka mtu aseme."

Verlin akavua koti la klabu, akalitundika vizuri, akalitoa vumbi ambalo halikuwepo. Akaongea akiwa amewapa mgongo.

"Unanitazama kama mwizi, Dada. Siku ile si tulikubaliana? Mimi nilikaa ndani ya boza na jua lile, uchi wa kuku. Wewe ukapata kuendesha, mimi nikapata jina. Tuligawana. Kila mtu na chake. Nani amedhulumiwa hapo?"

Kijana akaacha kutafuna, akasubiri kusikia jibu, kwa kuwa lilimhusu.

Lorene akachukua sufuria yake, akaifuta pembeni kwa kidole, akaielekeza mlangoni kabla ya kugeuka.

"Tuligawana, kweli kabisa. Ila mimi tangu siku ile sijamwambia mtu hata mmoja kwamba aliyekaa na chupi ndani ya boza ni mimi."